Magadi kwenye maharage, madoa kwenye meno

SWALI: Shikamoo daktari. Nimeolewa Moshi na tunaishi na mama mkwe. Kwake maharage, makande, kiburu cha ndizi na maharage, hata kisamvu haviivi bila magadi. Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa na meno yake ya mbele yameota na madoa ya kahawia. Mdogo wake ana miaka miwili na nusu, sasa anakula chungu kimoja na sisi. Nesi wa kliniki aliniambia niache magadi, hakusema kwa nini. Mama mkwe ana presha ila anasema ameyala tangu utotoni na yuko hai. Nani mkweli? Na je, soda ya kuokea ya dukani ni salama zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Daktari wa kutibu mimi siye, kazi yangu ni sayansi ya chakula, kwa hiyo mambo ya presha ya mama mkwe nitayagusa kwa upande wa sufuria tu. Dawa zake ni za daktari wake.

Nianze na jibu, halafu nieleze. Kwa huyo mdogo wa miaka miwili na nusu, nesi yuko sahihi kabisa na ningeanza leo. Kwa mtu mzima mwenye afya, magadi kidogo kwenye maharage ya mara moja moja si sumu ya kumkimbiza mtu mezani. Mama mkwe yuko katikati: meno yake hayana hatari mpya tena, lakini presha yake inayo.

Nina sababu ya kulisema hili la meno bila kuzungukazunguka. Nimezaliwa Arumeru, chini ya Mlima Meru, na meno yangu ya mbele yana rangi ya chai ya rangi. Shuleni kwetu aliyekuwa na meno meupe ndiye aliyeulizwa katokea wapi. Tuliambiwa hatupigi mswaki vizuri, tukasugua kwa mkaa na mchanga mpaka fizi zikavuja damu. Madoa yale hayasuguliki, kwa sababu hayako juu ya jino. Yako ndani yake.

Magadi tunayoyazungumzia ni madini yanayoitwa trona: sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti zilizoshikana pamoja na maji kidogo. Yanajikusanya yenyewe kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yasiyo na mto wa kutoka, hasa Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako yanachimbwa kwa viwanda pia. Sehemu kubwa ya magadi ya viwandani huishia kwenye vioo na sabuni. Mengine hayatoki ziwani kabisa. Yanakwanguliwa juu ya ardhi kiangazi, pale chumvi inapopanda na kuacha utando mweupe kwenye udongo. Sokoni yote yanaitwa magadi, na kwa macho huwezi kujua lipi ni lipi, sembuse kujua lina nini ndani.

Sasa, kwa nini yanalainisha? Kati ya seli na seli za haragwe kuna gundi ya asili iitwayo pektini. Kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazoikaza gundi hiyo isiyeyuke. Magadi yakiingia majini, sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu, na ule ukali wa magadi unaikatakata pektini yenyewe moto unapopanda. Haragwe linaachia. Ndiyo maana pia maharage yanasumbua kwenye maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika: maji hayo yamejaa kalsiamu. Na ndiyo maana nyanya na ndimu zikitangulia, unaweza kuchochea mkaa mpaka jioni, kwani uchachu unaizuia pektini isikatike.

Shikilia hiyo kalsiamu, maana ndiyo inayotupeleka kwenye tatizo lenyewe. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hubeba floraidi, ile ile inayotiwa kwenye dawa ya meno. Kwenye maji yenye kalsiamu nyingi, kalsiamu huikamata floraidi na kuizamisha chini kama mwamba. Lakini maji ya magadi yamejaa sodiamu na kalsiamu yake ni haba, kwa hiyo floraidi haina wa kuikamata. Inabaki majini, maji yanakauka kwa jua miaka na miaka, na magadi yanapoganda nayo inaganda humo humo. Kwa hiyo tabia ile ile inayoyafanya magadi kuwa fundi wa maharage, yaani sodiamu nyingi na kalsiamu haba, ndiyo iliyoyajaza floraidi. Hakuna mtu aliyeichanganya, na si uchafu unaoweza kuuosha bombani.

Kiasi chake ndicho kinachonikosesha raha. Magadi yaliyopimwa Tanzania na Kenya yametofautiana mno. Mengine floraidi yake haifiki miligramu moja kwa gramu, mengine yanapita hapo mara kadhaa. Tufanye hesabu ya jikoni. Kijiko cha chai cha magadi yaliyosagwa ni kama gramu 5. Kama ni magadi yenye miligramu moja kwa gramu, umetia miligramu 5 za floraidi kwenye sufuria. Mtoto akila sehemu moja ya kumi ya sufuria hiyo, na mchuzi wake, amepata nusu miligramu. Kikomo kinachotumiwa na wataalamu wa lishe kwa watoto wa chini ya miaka 8 ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wako akiwa na kilo 12, kikomo chake ni miligramu 1.2. Nusu miligramu haijavuka. Sasa badilisha magadi tu, chukua ya muuzaji wa pili, yenye miligramu 3 kwa gramu. Kijiko ni kile kile, sufuria ni ile ile, na mtoto kapata 1.5 kwa mlo mmoja. Umevuka na hujui umevuka. Hapo sijahesabu maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na wewe unajua kwamba Arusha na Kilimanjaro kuna vyanzo vinavyozidi hapo. Tena nani anapima kijiko? Mama zetu hukadiria kwa kiganja.

Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, inayobaki inakuwa nzito zaidi.

Umri ndio unaoamua. Meno ya ukubwani ya mbele hujengwa ndani ya ufizi kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa hadi kama miaka minne au mitano, na miaka mitatu ya mwanzo ndiyo nyeti kuliko yote. Floraidi ikizidi wakati huo, gamba gumu la jino linajengeka na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Jino likichomoza lina mistari au mabaka meupe kama chaki, na vile vinyweleo vikinywa rangi ya vyakula, yanageuka kahawia. Kufika miaka minane hivi magamba ya meno yote yamekamilika, isipokuwa magego ya mwisho, na baada ya hapo floraidi ya chakulani haiwezi tena kulitia jino madoa. Kwa hiyo madoa ya mwanao mkubwa, kama kweli ni ya floraidi, yaliandikwa alipokuwa na umri wa huyu mdogo wake wa sasa. Na huyu mdogo, meno yake ya ukubwani yamo ufizini yanajengwa wakati wewe unasoma haya.

Kwamba ni magadi na si maji pekee, hilo si wazo la nesi wenu tu. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Tanzania kwenye maeneo ambayo maji yake ya kunywa yana floraidi kidogo. Madoa kwenye meno ya watoto yalikuwa mengi kuliko maji yale yanavyoweza kueleza, na magadi ya kupikia yakatajwa kuwa chanzo. Inawezekana basi maji yenu ni mazuri kabisa na bado mtoto akapata madoa. Ila usikisie. Ulizia mamlaka ya maji ya eneo lenu kipimo cha floraidi cha chanzo chenu. Kikiwa juu, kuacha magadi pekee hakutoshi, itabidi mtoto apate maji mengine: ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi miaka mingi. Mkaa wa kawaida wa kuni hausaidii.

Huyo wa miaka tisa mpeleke kwa daktari wa meno atazame, kwa sababu si kila doa la kahawia ni floraidi. Mengine ni kutoboka kunakoanza. Kama ni floraidi, jino lenyewe mara nyingi ni zima na linatafuna vizuri, na akikua madoa yanaweza kupunguzwa kwa kukwanguliwa kitaalamu au kufunikwa. Msimsugue kwa magadi, ndimu wala mkaa. Wala msiache dawa ya meno kwa hofu ya floraidi: kwa mdogo weka punje ndogo kama ya mchele, mfundishe kutema. Floraidi ya juu ya jino inalinda. Inayomezwa kila siku utotoni ndiyo inayoharibu.

Ukiwa bado unanyonyesha, usijilaumu kwa magadi uliyokula wewe. Floraidi haipiti kwenye maziwa ya mama isipokuwa kidogo sana.

Twende kwa mama mkwe. Kauli yake kwamba ameyala tangu utotoni na yuko hai, mimi siipingi. Floraidi ya kiasi hiki haiui mtu. Ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi inaweza kukaza viungo na mifupa, na hilo lipo katika baadhi ya vijiji vyetu vyenye maji mabaya, lakini kwa kijiko cha magadi mara mbili kwa wiki mwenye umri wake hapo sipo pa kuanzia. Pa kuanzia ni sodiamu. Trona safi ina kama asilimia 30 ya sodiamu kwa uzito, chumvi ya mezani ina kama 39. Hawa ni ndugu wa karibu. Kijiko kile cha gramu 5 kina gramu 1.5 za sodiamu, na kiwango cha juu cha siku nzima kwa mtu mzima ni gramu 2, sawa na gramu 5 za chumvi. Mkiwa sita kwenye sufuria, kila mmoja anakunywa kama robo gramu ya sodiamu kabla hamjatia chumvi. Si nyingi ikisimama peke yake. Shida ni kwamba ulimi hauihesabu. Magadi hayana ule ukali wa chumvi, basi mtu mwenye presha aliyepunguza chumvi kwa uaminifu anaendelea kuila kwa mlango wa nyuma na kushangaa namba hazishuki. Nikikutana na mgonjwa wa namna hiyo huwa namuuliza swali moja: mboga za kijani nyumbani zinapikwaje?

Kama mama ana tatizo la figo au moyo kutosukuma vizuri, hapo nisingekuwa na mjadala: aache. Figo ndizo zinazotoa sodiamu na floraidi mwilini, na zikichoka vyote vinabaki. Na kama ni miongoni mwa wanaokoroga magadi kwenye maji ya vuguvugu wanywe kwa kiungulia, hiyo tabia ife kwanza kuliko ya maharage. Inamwingiza sodiamu kwa mkupuo, inapoza kwa nusu saa, na inaficha ugonjwa unaotakiwa kuonekana. Lakini niwe mkweli upande wa pili pia: magadi hayasababishi vidonda vya tumbo, kama nilivyosikia yakisingiziwa. Vidonda vingi vinatokana na bakteria wa tumboni na dawa za maumivu tunazomeza kama karanga.

Kuna hasara nyingine ndogo ambayo watu hawaisemi. Vitamini B1 haivumilii magadi na moto vikikutana. Kwa familia inayokula ugali wa sembe, ambao kiini na pumba vimeshaondolewa kinuni, maharage ni moja ya sehemu chache B1 inapobakia, nasi tunaiua sufuriani. Kwenye mboga za majani inaondoka na sehemu kubwa ya vitamini C. Ile rangi ya kijani kibichi inayovutia kwenye mlenda na kisamvu cha magadi ni urembo tu, lishe imepungua.

Nikiwa bado kwenye kisamvu: ulaini na uivaji ni vitu viwili. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotolewa kwa kutwanga vizuri na kuchemsha sufuria ikiwa wazi. Maharage mekundu yana sumu yao pia, inayovunjwa na mchemko wa nguvu. Magadi yakikulainishia mapema ukaepua mapema, kinywa kitadanganyika. Maharage yachemke kwa kububujika angalau dakika 10 hata kama yamelainika. Mimi kwangu ni nusu saa, na maji ya kulowekea huyamwaga.

Soda ya kuokea sasa. Ndiyo, ni salama zaidi kwa jambo moja, tena lile kubwa: imesafishwa kiwandani kwa kiwango cha chakula, kwa hiyo floraidi yake si ya kuhesabu. Kwa mtoto wako tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mama mkwe tofauti ni ndogo, kwa sababu sodiamu imo, kama asilimia 27 ya uzito wake, na B1 inakufa vile vile. Tena ukiichemsha inaanza kugeuka kuwa kaboneti, yaani inaelekea kuwa magadi yenyewe. Ukiitumia, nusu kijiko cha chai kwa kilo ya maharage makavu inatosha, uiweke kwenye maji ya kulowekea kisha uyamwage. Watu wengi wanatia mara nne ya hapo ndipo maharage yanaponuka sabuni.

Angalizo la dukani, kwa kuwa wengi huyaita yote magadi: kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, haina udugu na jikoni. Inaunguza koo la mtoto kwa nukta chache. Isiwekwe kwenye chupa ya maji wala kopo la chumvi, wala rafu moja na vyakula.

Kuna wanaonijibu kwamba wao hawatumii ya dukani, wanachuja majivu. Ndugu zetu Waluhya wa Kenya wana musherekha yao ya majivu ya mabua ya maharage, na huku kwetu pia yapo majivu ya maganda ya ndizi. Haya ni kitu kingine. Mengi ndani yake ni potasiamu, siyo sodiamu, wala hayakutoka kwenye maziwa ya volkano. Kwa mwenye presha asiye na tatizo la figo ni nafuu kuliko trona. Kwa mwenye figo mbovu, au anayemeza dawa kama losartan, enalapril au spironolactone, potasiamu ikijaa kwenye damu inaweza kuuchezea moyo mdundo wake, na hiyo ni hatari ya haraka kuliko zile za floraidi na sodiamu. Kwa hiyo kabla hujambadilishia mama mkwe magadi kwa majivu, soma karatasi ya dawa zake.

Najua kwa nini magadi hayaondoki. Mkaa ni ghali, na maharage ya msimu uliopita yaliyokaa kwenye joto yanaweza kula debe zima yakiwa bado mawe. Sitakuambia uache halafu nikuachie bili ya mkaa. Fanya hivi: jioni loweka maharage kwa maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa lita, usiku kucha. Sodiamu ya chumvi inafanya kazi ile ile ya kuiondoa kalsiamu kwenye ngozi ya haragwe, taratibu, pasipo floraidi na pasipo kuua vitamini. Asubuhi mwaga maji, suuza mara mbili. Chumvi nyingi inaondoka nayo. Chemsha kwa maji mapya, nyanya na ndimu zisubiri hadi yalainike. Mahindi ya makande yaliyokobolewa yaloweke pia, na yatangulie jikoni maana hayaivi kwa mwendo mmoja na maharage. Sufuria ya presha, mkiweza kujichanga, hurudisha gharama yake kwa mkaa. Na ukinunua, usichanganye maharage ya zamani na mapya; ya zamani ndiyo yanayomtuma mtu kwenye kopo la magadi.

Kiburu ndicho kigumu, nakiri. Ndizi zina uchachu kidogo na maharage yakikutana nazo mabichi yanagoma. Pika maharage peke yake mpaka yapondeke kwa vidole, ndipo ndizi ziingie. Ladha ile ya magadi haitakuwepo na mama mkwe ataitambua kijiko cha kwanza. Usimfiche. Mwambie kwa adabu kwamba kliniki wamemkataza mjukuu wake mdogo magadi mpaka atimize miaka minane, na kwamba sufuria ni moja. Bibi anayeambiwa kuwa ni kwa ajili ya meno ya mjukuu huwa hana ugomvi. Aliyeambiwa kwamba chakula chake ni kibaya, huyo atapika cha kwake pembeni, na mtoto ataenda kukila huko huko.